Vyuo Vikuu Vikutane Bariadi

(Hotuba iliyotolewa mjini Bariadi mbele ya wanajumuiya, wanaume kwa wanawake, baada ya Swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Tulipoitangaza mada ya leo, baadhi ya ndugu zetu walihoji. Mkutano wa dini na vyuo vikuu, wapi na wapi? Tena vyuo vyenyewe vingi viko Mwanza, Morogoro na Dar es Salaam. Swali lao ni la haki, na ni vyema tulijibu mwanzoni kabisa. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume (s.a.w.) katika pango la Hira ilikuwa ni amri ya kusoma. Haikuwekewa mpaka kwamba kisomwe kitu hiki na kiachwe kile. Jumuiya yetu imesimama siku zote juu ya msimamo kwamba kuigawa elimu mafungu mawili, moja la Akhera lenye thawabu na jingine la dunia lisilo na thawabu, ni katika mambo yaliyowadhoofisha Waislamu kwa karne nyingi. Mwenye kumtibu mgonjwa, mwenye kuongeza mavuno ya masikini na mwenye kusahihisha mizani ya sokoni, wote hao wamo katika ibada endapo nia zao ni safi.

Jibu la pili linatokana na hali yetu wenyewe. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga na Busega ikitoka upande wa Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilituhesabu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ikatuhesabu watu 2,140,497. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya nusu milioni, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Mvua nazo, kila mkulima aliyemo humu anajua zinavyokuja. Kijana aliyerithi kwa baba yake ekari tatu, naye ana ndugu watano wenye haki ya mirathi katika ekari hizo hizo, hawezi kuishi kama alivyoishi baba yake. Ama ajue jambo ambalo baba yake hakulijua, ama apande basi aende Mwanza akauze maji ya chupa kituoni.

Sisi ndio tunaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Kuanzia Novemba hadi Desemba tunapanda, tunapalilia, tunapambana na funza wa vitumba, na Mei ikifika tunapanga foleni kwenye mizani za chama cha msingi. Pamba ile ikichambuliwa kiwandani, kiasi cha theluthi moja ya uzito wake huwa ni nyuzi na sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta na kuacha mashudu. Nyuzi, kwa sehemu kubwa, hufungwa marobota na kusafirishwa nje ya nchi zikiwa ghafi. Kanzu na mabuibui tuliyoyavaa hapa leo, nani kati yetu anajua nyuzi zake zilisokotwa wapi? Huenda ziliondoka Maswa na kuzunguka bahari mbili kabla ya kurudi dukani hapa sokoni kwa bei tunayoinung'unikia.

Haya si mageni kwa wasomi. Pamba ya kwetu imeandikiwa sana. Kila mwaka huja vijana kutoka vyuo mbalimbali wakiwa na madodoso. Tunamjua mkulima mmoja, hatutamtaja jina, aliyehojiwa katika msimu mmoja na wanafunzi wanne wa vyuo vinne. Wa kwanza alimuuliza juu ya mbegu, wa pili juu ya mikopo, wa tatu juu ya jinsia, wa nne akarudia ya kwanza. Mzee yule aliwapa wote muda wake na viti vyake. Hakuna aliyerudi kumwambia alichokipata. Vitabu vyao vimo katika maktaba za mijini, kila kimoja katika maktaba yake, na hakuna hata kimoja kinachokijua kingine. Vijana wale hatuwalaumu sana, kwani walitumwa na walimu wao, wakaandika, wakafaulu. Lawama yetu ni juu ya utaratibu unaokifanya kila chuo kilime shamba lake peke yake katika kijiji kimoja, na mavuno yote yapelekwe mjini.

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mtu mmoja katika Answari alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba msaada. Mtume hakumpa kitu mara moja, wala hakumfukuza. Alimuuliza kwanza nyumbani kwake mna nini. Yule mtu akajibu kwamba anayo nguo moja nzito, wanaivaa upande na kuutandika upande, pamoja na chombo cha kunywea maji. Mtume akavitaka viletwe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, mwingine akatoa mbili. Akampa yule mtu dirhamu mbili zile, akamwamuru moja anunulie chakula cha watu wake na nyingine anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume (s.a.w.) alilitia mpini kwa mikono yake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuziuza, na asimwone kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi.

Masheikh huisimulia Hadithi hii kukemea ombaomba, na wanafanya vizuri. Leo tunaomba itazamwe mpangilio wake. Swali lilitangulia, nalo lilikuwa juu ya kile alichonacho mwenye shida, si kile alichokikosa. Kisha likaja soko, yaani watu wengine wakashirikishwa. Kisha chombo cha kazi. Kisha mkono wa mwalimu mwenyewe ukashika mpini. Na mwisho ukawekwa muda wa kurudi kutoa hesabu. Chuo kikuu kinachotaka kuinua watu wa mahali fulani hakina njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Tuna ushahidi wa jambo hili katika ardhi yetu wenyewe.

Wazee waliomo humu wanakumbuka habari za mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza, ikiongozwa na mtaalamu wake Swynnerton aliyeweka kituo cha utafiti Shinyanga, iliwakusanya watu kufyeka mapori ili mbung'o wasipate pa kujificha. Kwa upande wa mbung'o wataalamu wale walikuwa na hoja. Lakini miti ilikwenda. Pamba ikaja nayo ikataka mashamba mapya, miti ikazidi kwenda. Mwaka 1947 ukaanzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, jirani na Maswa. Watu waliamriwa kulima matuta ya aina fulani na kupunguza mifugo. Sehemu ya maagizo yale ilikuwa na maana kitaalamu, lakini yaliletwa kwa amri na faini, na watu wakayakataa. Kisha mwaka 1974 na 1975, wakati wa kuhamia vijijini, kaya nyingi zilihamishwa mbali na malisho zilizoyatunza. Ilipofika miaka ya 1980 watu walikuwa wakisema kwamba Shinyanga, nasi tukiwamo, inageuka jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walikuja na miche ya miti ya kigeni na vitalu vyao. Baadaye walifanya jambo ambalo waliowatangulia hawakulifanya. Waliwauliza wazee: zamani mlifanyaje? Wazee wakawajibu kwa neno moja, ngitili. Msukuma hahitaji kuelezwa ngitili ni nini, lakini kwa ndugu zetu waliotoka mikoa mingine tuseme kwamba ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti ipumzike, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa kulimia na mifugo dhaifu. Dagashida, yaani baraza la jadi, ndilo lililotunga sheria zake na kuwatoza faini waliozivunja. Elimu ilikuwapo tangu hapo. Iliyokosekana ilikuwa heshima tu.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana kitaalamu hazikufika hata hekta elfu moja. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimeenea katika vijiji zaidi ya 800 na kufikia hekta laki kadhaa. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na hapa ndipo vyuo vinapoingia katika habari yetu. Wizara ya Maliasili na shirika la uhifadhi la IUCN waliunda kikosi cha wataalamu, wakiwamo maprofesa Monela na Chamshama wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakafanya kazi bega kwa bega na wataalamu wa fani nyingine. Mtaalamu wa misitu alihesabu miti na mtaalamu wa jamii akawahoji akina mama. Walihesabu kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea, fito, lishe ya mifugo na hata saa ambazo mwanamke anaziokoa kwa kutokwenda mbali kutafuta kuni. Wakapata kwamba faida ya ngitili ilifikia wastani wa Dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini nchini yalikadiriwa kuwa Dola 8.50 kwa mwezi. Ripoti yao ilitoka mwaka 2005. Takwimu hizo ziliwanyamazisha waliokuwa wakisema kwamba ngitili ni mambo ya kizamani ya wafugaji.

Tazameni ndugu zangu. Mtaalamu wa misitu peke yake asingelipata jibu lile. Wala mtaalamu wa uchumi peke yake. Wala wazee wa dagashida peke yao. Walikutana juu ya swali moja, katika ardhi moja.

Tunao mfano mwingine, nao ni mchungu. Kwa miaka mingi katika kanda yetu wameuawa wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotolewa dhidi yao ni macho mekundu. Mganga hupiga ramli, anataja upande, na usiku panga linafanya kazi. Sisi kama jumuiya tumelikemea hili kwa sababu mbili: ni kuua nafsi aliyoiharamisha Allah, na ni kumwamini mpiga ramli, jambo linalobomoa tauhidi. Hatutaacha kukemea. Lakini macho yale yamekuwaje mekundu? Bibi amepika miaka 50 kwa mabua ya pamba na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha, kwa sababu kuni hakuna. Moshi ndio uliomfanya mchawi.

Nani basi atamwokoa bibi huyu? Sheikh kwenye mimbari anayo sehemu yake. Daktari wa macho kutoka Bugando anayo sehemu yake. Mtaalamu wa misitu kutoka Morogoro anayo sehemu yake, maana kila penye ngitili pana kuni karibu. Fundi wa majiko anayo yake, na mwanasheria anayo yake. Wakija mmoja mmoja, huyu mwaka huu na yule baada ya miaka mitatu, wote watakuwa wamefanya kazi nzuri na bibi atakuwa ameshauawa.

Tukirudi kwenye pamba, tuangalie tulivyozungukwa na elimu. Ukiriguru, nje kidogo ya Mwanza, utafiti wa pamba umefanyika tangu miaka ya 1930, na mbegu tunazopanda zenye majina yanayoanza na UK zimetoka huko. Kizumbi, Shinyanga, ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, chuo kilichoanza mwaka 1963 kikifundisha watu kuendesha vyama vya ushirika. Mwanza kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino na kipo Chuo Kikuu cha Bugando cha afya. Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mikoa. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, nacho kina kampasi katika mkoa wetu. Sokoine iko Morogoro, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi wake. Tukivihesabu hivi vyote, hatuwezi kusema kwamba tumenyimwa elimu. Tumezungukwa na visima, na kila kisima kina kamba yake fupi.

Kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika hapa kwetu Nyakabindi. Taasisi za elimu na utafiti zilijenga mabanda jirani kwa jirani, wananchi wakapita wakitazama mbegu, mashine na vipeperushi. Ilikuwa neema. Lakini ujirani wa mabanda si ushirikiano, na maonesho yakiisha hufungwa mizigo.

Ushirikiano tunaoutaka una sura hii. Mkulima anaingiza pamba kwenye chama cha msingi na kilo zinapungua kati ya shamba na ghala. Swali hilo ni moja. Ukiriguru wanajua mbegu na unyevu. Kizumbi wanajua hesabu za chama na uchaguzi wa viongozi wake. IFM wanajua ukaguzi wa fedha. Wahandisi wanajua mizani. Swali moja hilo hilo likiwekwa mezani kwao wote kwa msimu mmoja, wanafunzi wao wakae katika vijiji vile vile, na majibu yasomwe kwa Kiswahili na Kisukuma mbele ya wakulima kabla hayajapelekwa kufungwa jalada. Hatujui kama jambo hilo ni gumu kiasi hicho. Katika mji wa Cleveland huko Marekani, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve na hospitali mbili kubwa zilizo jirani nacho walikuwa wakinunua bidhaa na huduma za mabilioni ya Dola kila mwaka, na mitaa iliyowazunguka ilikuwa ya mafukara. Kuanzia mwaka 2008, wakisaidiwa na mfuko wa hisani wa mji ule, walishiriki kuanzisha vyama vya ushirika vinavyomilikiwa na wafanyakazi wenyewe kutoka mitaa hiyo. Cha kwanza kilikuwa cha kufua mashuka ya hospitali. Kufua mashuka tu! Wasomi wakubwa wale waligundua kwamba mchango wao kwa jirani ungeweza kuanzia katika kapu lao la nguo chafu.

Sisi tunaye jirani Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda nzima. Inatumia pamba, bandeji na mashuka kila siku ya Mungu. Wazo la kutengeneza vifaa tiba kutokana na pamba yetu lilishatajwa katika mipango ya mkoa. Wakati ule wa kaulimbiu ya wilaya moja bidhaa moja, vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki na vijana wa Meatu wakaanza kusindika maziwa. Hatusemi mambo haya yalikamilika. Tunasema kwamba chaki ni bidhaa ya shule na chuo, na chuo kinachofundisha ujasiriamali huku kikinunua chaki kutoka ng'ambo kina deni la kujieleza. Kadhalika mchele wa kantini, kadhalika michembe na matobolwa, ambayo mama zetu wanayakausha kwa ustadi mkubwa na ambayo mtaalamu mmoja wa lishe akikaa nao miezi miwili anaweza kuyapatia kifungashio na soko.

Hapa ni lazima tugeuze uso tujitazame sisi wenyewe, kwani ni rahisi kuvihutubia vyuo ambavyo havimo humu ukumbini.

Kuna ndugu wanaosema kwamba vyuo vilivyo karibu nasi Mwanza ni vya Wakatoliki, basi vipi tushirikiane navyo? Tunawakumbusha habari ya mateka wa Badri. Miongoni mwao walikuwamo waliojua kusoma na kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikomboa, na fidia yao ikafanywa kuwafundisha watoto wa Answari. Walikuwa washirikina, tena waliotoka kupigana na Waislamu siku chache kabla. Ikiwa elimu ilipokewa kutoka kwao, itakuwaje isipokewe kwa jirani anayetutibia watoto wetu? Wakatoliki walijenga kwa sababu walichanga. Sisi tulipochanga na kuhangaika tulipata Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro mwaka 2005, katika majengo ya TANESCO ambayo serikali ilitupatia. Nacho ni haki yetu kukiomba kije Bariadi kukaa meza moja na wengine.

Jambo jingine ni mali zetu. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya zaka ya pamba, wengine wakaiwajibisha na wengine hawakuiwajibisha, na hapa si mahali pa kuimaliza khitilafu hiyo. Lakini hapana aliyekhitalifiana juu ya fadhila ya wakfu. Chuo cha Qarawiyyin cha Fasi, Morocco, ambacho historia inasimulia kwamba msikiti wake ulijengwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, kiliendelea karne kwa karne kwa mapato ya maduka na mashamba yaliyowekwa wakfu. Mwanamke mmoja! Nasi hapa msimu mzuri wa pamba ukija, fedha zinakwenda katika harusi ya siku tatu, katika mashindano ya ngoma, na wengine, Allah atuongoze, katika khitma za kujionesha. Chumba kimoja cha kupanga kwa mwanafunzi hapa mjini kinamshinda binti wa Meatu aliyefaulu, anarudi nyumbani na anaozwa. Wanajumuiya wenye viwanja hapa Bariadi wapo, nao wanajijua. Nyumba moja ya vyumba kumi ikiwekwa wakfu kwa ajili ya mabinti wanaosoma, pamoja na wanafunzi wa utafiti watakaokuja kukaa na wakulima, itafanya kazi kuliko mikutano kama huu wetu ishirini.

Na mizani. Tumewataja wanunuzi wanaochezea mizani, na Allah amewateremshia Sura nzima yenye jina lao. Lakini nani anayetia maji na mchanga katika gunia usiku wa kuamkia siku ya kuuza? Ni mkulima, na wakati mwingine ni mkulima aliyeswali Isha pamoja nasi. Pamba chafu inashusha bei ya wote, mpaka ya mjane aliyeichuma ya kwake safi. Profesa hawezi kulitibu hilo. Hilo ni la kwetu sisi tunaosimama kwenye mimbari, na kwa kweli hatujalisimamia kama tulivyoisimamia mijadala mingine isiyomjaza mtu tumbo.

Vijana wetu mlioko vyuoni, nanyi mna la kubeba. Ukirudi likizo usikae barazani ukiwasahihisha wazee matamshi yao. Chukua daftari, nenda kwa mkulima aliyekulea, muulize lile swali la Mtume (s.a.w.): nyumbani mna nini? Andika. Kisha peleka daftari lile kwa mwalimu wako.

Ama hatua tunayoichukua sasa. Tumekubaliana kuviandikia vyuo tulivyovitaja barua moja, yenye maneno yale yale kwa wote, na nakala kwa ofisi ya mkoa. Tunaviomba vitume watu wao Bariadi kabla ya Novemba, kabla ya mbegu kutiwa ardhini, wakae siku mbili pamoja na wakulima, viongozi wa vyama vya msingi na masheikh na mapadri wa hapa. Hatuombi fedha. Tunaomba waje siku moja hiyo hiyo, si kila mmoja kwa wiki yake.

Barua hiyo itaambatana na maswali yaliyokusanywa vijijini, nayo tumeyaacha kama yalivyosemwa. Mkulima wa Itilima anauliza kwa nini dawa ya wadudu ya mwaka huu haiui wadudu iliowaua mwaka juzi. Mama wa Busega anauliza kama dengu na choroko zinaweza kupandwa baada ya pamba bila kuichosha ardhi. Kijana wa Maswa anauliza ni nani anayepanga bei, na kwa nini yeye huisikia redioni. Mzee wa Meatu ana ngitili ya ekari nane na wanawe wanataka kuigawa mashamba, anauliza awaonyeshe hesabu gani ili waiache. Na bibi mmoja wa hapa Bariadi, macho yake mekundu, hakuuliza kuhusu pamba. Alitaka kujua kama lipo jiko lisilotoa moshi, na ni shilingi ngapi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.